Harder Ananunua

Barua ya kampuni ilifika Februari, wiki ambayo theluji ilifunika dirisha la jikoni hadi nusu. Shangazi Aganetha alinikabidhi bila kuifungua. Barua za Kiingereza katika nyumba ile nilizisoma mimi. Shule niliiacha kabla ya kumaliza la tano, tulipokuwa bado Mexico, lakini miaka minne ya kupakia alizeti kiwandani, nikisoma maandishi ya kila pakiti, ilikuwa imenisaidia.

"Wanaonya kwamba faida ya mwaka huu itashuka," nilimwambia. "Itashuka zaidi ya nusu."

"Na hisa?"

"Zitashuka nazo."

Kiwanda hicho cha kukaanga alizeti zamani kilikuwa cha wakulima wenyewe, kila mtu na fungu lake. Kilipogeuzwa kampuni ya soko la hisa, mafungu yakawa hisa. Marehemu mume wa Shangazi alimwachia zake, na babu aliniachia mimi mia moja na ishirini. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya mwenye shamba, naye alitutaka tuwe tumetoka ifikapo Novemba. Shangazi alikuwa ameshachagua nyumba mjini Winkler, vyumba viwili, haina ngazi, karibu na hospitali. Siku mbili baada ya barua, hisa ilianguka kutoka dola kumi na nne hadi tisa. Kwa tisa nyumba bado ilipatikana, ila kwa kubana.

"Mpigie dalali Jumatatu auze," Shangazi alisema. "Sitaki kutajirika. Nataka mlango wangu mwenyewe."

Ningempigia. Lakini siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada Abram Wiebe alikuja kunywa kahawa. Abram alikuwa jirani yetu, mkulima wa alizeti, mwenye hisa nyingi kuliko sisi na mdomo mkubwa kuliko hisa zake.

"Usiuze, Aganetha," alisema, akitema ganda la alizeti kwenye kisahani. "Hujasikia? Korni Harder ananunua."

Korni Harder ndiye mwenyekiti wa kampuni. Alizaliwa mashamba matatu kutoka kwetu, akasoma dawati moja na Abram, na hadi leo kanisani anakaa benchi la tatu upande wa wanaume.

"Ananunua nini?"

"Hisa! Hizihizi unazotaka kuzitupa. Tena kwa pesa yake mwenyewe. Mpishi akila chakula chake mbele ya wageni, ujue hakina sumu."

"Au ana njaa."

"Ah, wewe nawe! Mtu anajua kila tundu la ghala lile. Angeona panya, angenunua ghala?"

"Abram, wewe ulinunua trekta la Dyck kwa sababu Dyck mwenyewe alilisifu. Liko wapi?"

"Dyck alisifu kwa mdomo. Harder anasifu kwa mfuko. Hapo pana tofauti, mama."

"Trekta lina kuku ndani," Shangazi aliniambia, kana kwamba sijui. Abram alicheka hadi akapaliwa na ganda.

Mwishowe wote wawili walinigeukia mimi. Wakubwa wa kampuni wakinunua au wakiuza hisa zake, sheria huwataka waandikishe ndani ya siku chache, na orodha hiyo iko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta. Jumatatu baada ya zamu nilikwenda maktaba. Nilisoma polepole, kidole kwenye kioo. Harder, Cornelius, amenunua sokoni. Siku mbili baadaye, amenunua tena. Kisha mistari miwili ambayo mahali pa jina la mtu palikuwa na namba ndefu na neno Manitoba, jina la jimbo letu. Niliidhani ni namba ya jalada. Mtu wa maktaba alikuwa pale pale mezani kwake, na ningeweza kumwuliza, ila niliona haya.

"Ni kweli," nilimwambia Shangazi. "Amenunua mara nne." Halafu nikaongeza neno ambalo hakuna aliyeniomba. "Ungoje kidogo."

Mimi si mtu wa kushauri watu. Labda ndiyo maana alinisikiliza.

Sijui kama watu wa kwingine wangelisoma jambo lile kama sisi. Katika kanisa letu mtu haapi. Ndiyo yake ni ndiyo, na tendo lake lina uzito kuliko ndiyo. Ghala la mtu likiungua, anayefika wa kwanza na mbao zake za kulijenga upya hahitaji kuhutubia. Wengine humwona na kufuata. Basi mtu wa benchi la tatu alipoweka pesa zake kando ya zetu, tuliona amekuja kusimama nasi. Hatukujiuliza amekuja kufanya nini.

Mwezi wa Mei, kwenye mkutano wa wanahisa, mtu mmoja wa nyuma alimwuliza Harder kama kampuni itapona. Alisema maneno machache tu: "Mimi nimeweka changu humu." Abram aliniminya bega kwa furaha hadi likaniuma.

Bei iliendelea kushuka, ikawa saba, ikawa sita, ikapita chini ya sita. Waliochoka waliuza, na kila walipouza mnunuzi alikuwepo. Kila wiki nilikwenda maktaba na kila wiki orodha ilirefuka, mistari ya Harder na mistari ya ile namba. Abram aliupokea kila mstari kama salamu kutoka kwa rafiki. Mwezi wa Julai aliuza ndama sita akanunua hisa nyingine.

"Korni hachoki, nichoke mimi?" alisema.

Septemba ikaja barua nene. Niliisoma mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Harder na wenzake wawili walitaka kununua kila hisa iliyobaki, dola sita na senti ishirini kila moja, kisha kampuni iondolewe sokoni na kuwa yao. Tayari walikuwa nazo nyingi, na karibu wote waliobaki walikuwa wameshakubali, hivyo kwa sheria hata asiyetaka angelazimika kuuza. Chini, mahali pa jina la mnunuzi, palikuwa na ile namba. Nilikuwa naijua kwa kichwa. Huku kampuni inaweza kusajiliwa kwa namba tupu bila jina, na hiyo ilikuwa ya Harder.

Shangazi aliichukua barua, akaikunja. Kisha akauliza, "Kwa sita nyumba inapatikana?"

"Haipatikani."

Hakunilaumu. Alianza kumenya viazi, viazi vingi mno kwa watu wawili.

Wiki ile Harder alipita kiwandani jioni, zamu ikibadilishana. Aliwapa mikono akina mama wa mezani kwetu mmoja mmoja. Aliponifikia mimi, niliushika mkono wake nisiuachie. Sijui nguvu ilitoka wapi.

"Mzee Harder, wewe ulikuwa unanunua. Sisi tukakaa kwa sababu yako."

"Wewe ni wa Aganetha, siyo? Justina." Hakukasirika. "Mwanangu, kuna siku niliwaambia msiuze?"

"Hukusema. Ulinunua."

"Nilinunua kwa sababu kampuni ni nzuri. Hapo hamkukosea. Mlisoma vizuri kabisa."

"Sasa kama ni nzuri, kwa nini sisi tutoke?"

Aliutazama mkono wake ndani ya wangu. "Barua ina ukurasa wa kumi na moja. Asiyeridhika na bei anaweza kwenda mahakamani, hakimu apange bei ya haki. Sheria inawalinda."

"Unajua hatuendi mahakamani na ndugu wa kanisa."

"Najua," alisema, kwa upole uleule. "Nami nimelelewa kanisa lile."

Akautoa mkono wake, akampa jirani yangu.

Nilitembea hadi nyumbani sisikii baridi. Alikuwa amekipima kila kitu, alizeti, bei, uchovu wetu, na mwisho akaipima imani yetu, akaona nayo itamfaa. Abram alikuwa jikoni na fomu yake, ameshatia sahihi. Hakuwa na alizeti mdomoni. Niliwasimulia yote.

"Alisema hivyo? Korni?" Abram aliuliza. "Alisema, 'Najua'?"

"Alisema hivyo."

"Nilimpa nusu ya mkate wangu kila siku darasa zima la pili," alisema, akakunja fomu vipande vinne.

"Basi ichane," nilisema. "Twende wote watatu. Hakimu akipanga bei mpya, watalipwa hiyo wale tu waliokataa hii."

"Nimshtaki ndugu? Halafu Pasaka nimege naye mkate kwa uso gani?"

"Yeye ataumega kwa uso gani?"

"Huo ni wake. Mimi nina wangu." Akavaa kofia, akatoka bila kumaliza kahawa, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Nilimgeukia Shangazi. "Usitie sahihi. Mimi ndiye niliyekwambia ungoje. Niache nirekebishe."

"Tukienda kwa hakimu tutakuwa watu gani, Justina?"

"Watu wenye nyumba."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto. Akachukua kalamu, akaandika jina lake taratibu, kila herufi mahali pake. Nami nilichukua fomu yangu, ya hisa zangu mia moja na ishirini ambazo zisingenunua hata mlango, nikatia alama kwenye kisanduku cha kukataa. Tulikuwa meza moja, tukitumia kalamu moja kwa zamu.

"Ukiipeleka hiyo," alisema, "Jumapili kanisani usikae nami. Si kwamba nimekuchukia. Wataniuliza, na sitakuwa na jibu."

Niliipeleka asubuhi yake.

Alhamisi walikuja wahubiri wawili. Walikaa, wakapewa kahawa, wakauliza kuhusu mvua na mavuno. Mkubwa wao aliniuliza kama nina uchungu moyoni na ndugu Harder, na kama niko tayari kumsamehe.

"Nimemsamehe," nilisema. "Bei ndiyo sijaikubali."

Waliangaliana. Mdogo wao alisema kwa mujibu wa kanisa hivyo viwili haviwezi kutenganishwa. Nilimwuliza kama wamekwenda na kwa Harder. Alisema hakuna aliyemlalamikia.

Mwishoni mwa Oktoba, hakimu akiwa bado hajapanga bei, tulifunga vitu vya Shangazi kwenye maboksi ya kiwandani. Alikuwa anahamia chumba cha chini kwa dada yake mjini Morden, ngazi kumi na tatu kushuka. Nilibeba maboksi, naye alitangulia mikono mitupu, ameshika ukuta, akishusha mguu mmoja, akingoja, kisha mwingine. Nilitaka kumshika mkono. Alisema ataweza.