Taa Namba Ishirini na Nne

Jumanne saa mbili asubuhi, fundi wa taa alifungua boksi juu ya meza ya nyuma ya ukumbi, akatoa kidhibiti kipya cha taa kipande kwa kipande na kukipanga juu ya kitambaa cheusi. Vilikuwa vipande vitano, kila kimoja saizi ya mkate. Vitatu vilikuwa na slaida, zile swichi ndefu za kusukuma juu na chini, nane nane. Kimoja kilikuwa na vifundo vya kuzungusha, na cha mwisho kilikuwa na vitufe. Pembeni vyote vilikuwa na sumaku. Ukivisogeza karibu vinarukiana vyenyewe, kama ndugu waliopoteana stendi.

Alivishikanisha, akachomeka waya wa USB kwenye kompyuta, na taa ndogo za kijani zikawaka kwa pamoja.

Ukumbi ulikuwa mali ya kiwanda cha magodoro. Kabla ya fundi huyu, fundi wa taa humo alikuwa mjomba wake, mdogo wa mama yake, aliyeifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili na kumfundisha mpwa wake kila alichokijua, pamoja na matusi ya kutukania waya. Miaka mitatu nyuma, tarehe tisa, siku ya Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, mjomba alipanda ngazi kubadilisha balbu, ngazi ikaachia, akaanguka mita sita. Alikuwa ameshaandika barua nne kuomba ngazi nyingine. Ya kwanza mwezi wa pili, ya pili mwezi wa tano, ya tatu mwezi wa nane, ya nne wiki moja kabla. Kiwanda kilikuwa kikitoa magodoro mia tatu kwa siku, na stoo yake ilitenganishwa kwa ukuta mmoja tu na ile sakafu ya saruji aliyoiangukia.

Taarifa ya kampuni ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba siku hiyo hakuwepo kazini. Hakuwepo, neno moja, na chini yake muhuri.

Mkaza mjomba aliitunza nakala ya karatasi hiyo ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na cheti cha ndoa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Sitaki kingine, mwanangu," alimwambia fundi. "Pole zao wabaki nazo. Waseme tu alikuwepo."

Ijumaa ya wiki ile kulikuwa na mkutano mkuu wa mwaka, na Mwenyekiti angesoma ripoti ya usalama ya miaka kumi, lile neno likiwemo, mbele ya watu mia tatu. Fundi alikuwa amemwomba meneja wa ukumbi neno lile lifutwe kabla halijasomwa. Meneja huyo, wafanyakazi walimpachika jina la Itaangaliwa, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila ombi, liwe la sabuni ya chooni au la maisha ya mtu. Fundi naye alijibiwa hivyo hivyo.

Sasa kidhibiti chenyewe hakiwashi taa. Kinasema tu, kwa lugha iitwayo midi, ile ile ambayo kinanda huitumia kuiambia kompyuta ni noti gani imebonyezwa na kwa nguvu kiasi gani. Nguvu hiyo huhesabiwa kuanzia sifuri mpaka mia moja ishirini na saba. Kompyuta ikishasikia ndiyo inayowasha taa. Kwa hiyo kila slaida lazima ifundishwe taa yake: unabonyeza Jifunze, unagusa taa kwenye skrini, unasukuma slaida, basi, wameshajuana.

Ukumbi ule ulikuwa na taa ishirini na tatu. Mjomba alikuwa akizihesabu kila asubuhi kwa sauti, na akifika ile ya juu ya mlango, ya ishirini na tatu, alijigonga kifua na kusema, "Na ya ishirini na nne ni mimi, maana bila mimi hapa ni giza tupu." Fundi alijifunza kazi akihesabu hivyo. Asubuhi ile alihesabu kwa mdomo, mkono ukifuata bila kuuliza, na mdomo haukusimama penye ishirini na tatu. "Na ya ishirini na nne ni mimi," alisema, akabonyeza Jifunze, akagusa sehemu tupu ya skrini juu ya jukwaa, akasukuma slaida ya mwisho.

Mjomba akawaka.

Alikuwa juu ya jukwaa, mita sita kutoka sakafuni, amesimama pasipo na ngazi, mkono mmoja ameunyoosha, balbu mkononi, kama mtu anayeikaza. Alivaa ovaroli ya bluu yenye kiraka gotini. Mwanga ulimtoka mwilini, wa njano kidogo, kama wa balbu za zamani.

"Hujahifadhi," mjomba alisema.

Fundi akabonyeza Hifadhi.

Fundi wa sauti, ambaye kila mtu alimwita Moja-Mbili, aliingia na maiki zake mbili kwapani, akatazama juu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Jana uliacha spika zinanguruma."

"Kumekucha," alisema Moja-Mbili. Akamgeukia fundi. "Dada, mzee wako kivuli chake kinaniangukia kwenye meza ya Mwenyekiti. Msogeze kushoto."

"Hasogei. Aliangukia pale pale."

"Haya basi, nitasogeza meza." Akaisogeza, kisha akajaribu maiki. "Moja, mbili. Moja, mbili. Mjomba, inafika huko?"

"Besi imezidi."

Itaangaliwa alipita saa tano akiwa na funguo zake. Alisimama chini ya mjomba, akaweka mkono juu ya macho.

"Hii ni mpya?"

"Ni mjomba," alisema fundi.

"Naona. Inakula umeme mwingi?"

"Hali kabisa."

"Basi iache. Inamulika vizuri."

Fundi aliisikia ile *i*. Inakula, iache, inamulika. Alidhani ni ulimi tu umeteleza, kwa kuwa meneja alikuwa na haraka. Alimpigia simu mkaza mjomba, akamweleza.

"Amevaa nini?" aliuliza mkaza mjomba.

"Ovaroli."

"Ile ya kiraka?"

"Hiyo hiyo."

"Kiraka nilishona mimi. Siku ile asubuhi, kabla hajatoka. Basi hawawezi tena kusema hakuwepo. Nakuja Ijumaa."

Jumatano na Alhamisi fundi alikitunza kidhibiti kama mtoto mchanga. Alikipangusa kwa brashi kavu ya rangi, hakuruhusu kikombe cha chai kiwekwe karibu, na alimkemea Moja-Mbili alipotaka kukiinua kwa kushika ncha moja, kwa sababu sumaku zingeachia na vipande kusahau vilivyokaa. Kila asubuhi alisukuma slaida zote mpaka juu kabisa na kuzirudisha, vumbi lisikae. Ya ishirini na nne peke yake hakuipitisha tisini. Balbu ya zamani haipandishwi ghafla, hilo alifundishwa na mjomba mwenyewe.

Ijumaa saa nne ukumbi ulijaa. Mkaza mjomba alikaa mstari wa tatu, mfuko wa nailoni mapajani. Watu waliingia, wakatazama juu, wakamtambua. Washonaji wa foronya walimpungia mkono. Mhasibu mmoja alimwambia mwenzake, "Huyu ndiye yule aliyeanguka," na mwenzake akajibu, "Ndiye, amekonda," kisha wakatafuta viti.

Mwenyekiti alisoma mauzo, akasoma mipango, akafika ukurasa wa usalama. Hapo ndipo fundi aliposhika slaida ya mwisho. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mwanga ukizidi, hakuna atakayethubutu kulitamka lile neno huku mwenyewe yuko juu ya kichwa chake. Akaisukuma taratibu. Tisini. Mia moja. Mia moja na kumi. Mwenyekiti aliinamisha karatasi kidogo ili ipate mwanga.

"Katika miaka kumi," alisoma, "hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyeumia katika ukumbi huu."

Fundi akafikisha slaida mwisho. Mia moja ishirini na saba.

Mjomba akaanguka.

Alianguka kama alivyoanguka tarehe tisa, kwa ubavu, mkono bado umenyooka, bila kupiga kelele. Kishindo kilikuwa kimoja, kizito, na baada yake kidogo kingine, cha kichwa. Chupa ya maji ya Mwenyekiti ilitikisika. Balbu aliyokuwa nayo mkononi ilivunjika na vipande vikateleza mpaka chini ya viti vya mstari wa kwanza, ambako watu waliinua miguu. Alilala hatua tatu kutoka meza kuu, akiwaka kwa nguvu zote, jicho moja wazi, na watu mia tatu wakamwona.

Mwenyekiti alisubiri kishindo kiishe ukutani. Akanywa maji kidogo, akatafuta mstari wake kwa kidole.

"Kuhusu fundi mmoja aliyesemwasemwa," aliendelea, "uchunguzi ulithibitisha kwamba siku hiyo hakuwepo kazini. Ripoti ya usalama naomba ipokelewe."

Ikapokelewa kwa makofi.

Makofi hayakuwa makubwa. Yalikuwa yale ya kawaida, ya watu wanaotaka kufika kwenye chakula. Itaangaliwa alipiga, mhasibu alipiga, washonaji wa foronya walipiga huku wakiangalia sakafu. Moja-Mbili, aliyekaa pembeni ya fundi, alikuwa amevaa visikilizio vyake, na mikono yake aliiweka chini ya meza. Fundi alitaka kushusha slaida lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi, vimeng'ang'ania pale juu. Kuanguka kwenyewe alikuwa amekujua miaka mitatu. Makofi ndiyo alikuwa hayajui. Alimtafuta mkaza mjomba kwa macho, akamwona ameketi wima vile vile, anageuza shingo pole pole kushoto na kulia, anaangalia mikono ya watu mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu.

Moja-Mbili ndiye aliyenyoosha mkono akaishusha slaida. Penye tisini mjomba akawa amerudi juu, mzima, mkono umenyooka.

Mkutano ulipokwisha, Itaangaliwa alikuja meza ya nyuma.

"Hii ya ishirini na nne isizidi tisini. Inasumbua."

"Umemwona lakini, bosi," alisema fundi. "Umemwona alivyoanguka. Wote mmemwona."

"Nimeona. Nani kasema sijaona?"

"Sasa neno lile?"

"Ripoti imeshapokelewa, dada. Ikishapokelewa haiguswi." Alifikiri kidogo, akaonekana kuwa na huruma ya kweli. "Ila hatuwezi kuiacha ikining'inia tu bila utaratibu. Nitaiingiza kwenye daftari la vifaa."

Kwa mara ya kwanza Itaangaliwa alitimiza ahadi siku ile ile. Saa nane mtunza stoo alikuja na ngazi ya aluminiamu aliyoiazima kwa majirani, na stika ya kampuni. Moja-Mbili alimshikia ngazi. Mtunza stoo alipanda, akamwamkia mjomba kwa heshima, akatafuta pa kubandika. Mjomba aliinua mguu kidogo, akampa unyayo wa kiatu.

Kwenye daftari iliandikwa: Taa namba 24. Mahali: ukumbi. Hali: nzuri. Tarehe ya kupatikana: haijulikani.

Fundi alikaa mbele ya kompyuta yake, akafungua mipangilio ya slaida ya mwisho na kuiwekea kikomo penye tisini. Machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye kitambaa cheusi, akasogeza kidhibiti kando kisilowe.

"Mjomba," aliita. "Nisamehe."

"Umehifadhi?" aliuliza mjomba.

Jumatatu saa kumi na nusu jioni mkaza mjomba alifika getini. Alikuwa ameoga, amevaa khanga mpya, na mfuko wa nailoni aliuacha nyumbani. Fundi alikuwa amemwambia kwamba taa huzimwa saa kumi na moja, na kwamba ya ishirini na nne huwa anaizima mwisho. Mlinzi alifungua kitabu cha wageni.

"Unakuja kumwona nani, mama?"

"Mume wangu."

Mlinzi aliteremsha kidole kwenye orodha ya wafanyakazi, ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza. Alikuwa kijana mwenye adabu na hakutaka kumkosea.

"Hayupo, mama."

"Yupo. Si huyo hapo dirishani?"

Mlinzi aligeuka, akatazama dirisha la ukumbi. Mwanga wa njano ulikuwa umejaa kwenye kioo, na ndani yake mtu mwenye ovaroli, mkono juu.

"Namwona," alisema. "Hata juzi alinisalimia. Lakini kwenye orodha hayupo, na hapa lazima nijaze kitu." Alisubiri, kalamu juu ya karatasi. Nyuma yao lori lilipiga honi, likitaka kutoka. "Niandike umekuja kuangalia taa?"

Mkaza mjomba alilitazama dirisha, akamtazama mlinzi, akatazama saa ya ukutani ndani ya kibanda. Ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na nne.

"Andika," alisema.