Uji wa Mjerumani

Mjerumani Leopold Trautwein alipita bondeni kwetu miaka mia moja na sitini iliyopita akipima milima, kisha akaandika kuhusu Peru vitabu vitano vinene ambavyo hakuna mtu hapa Yanapuquio aliyewahi kuvisoma. Hilo halikutuzuia kujivunia. Mama mkwe wangu, Bibi Saturnina, husema bibi wa bibi yake ndiye aliyempa malazi. Ng'ambo ya mto, watu wa Ichucancha husema alilala kwao, na wamemjengea sanamu ya saruji yenye masharubu ya mwenyekiti wao.

Ubishi huo ulikuwa wa kuchekesha mpaka ofisi ya utalii ilipotangaza njia ya kutembea kwa miguu itakayofuata nyayo za Mjerumani. Ingepita kwenye kijiji alicholala, kimoja tu. Mimi na mume wangu Fortunato tulikuwa tumejenga vyumba vitatu vya wageni, na kwa miaka miwili wageni wenyewe walikuwa binamu zake. Fortunato alishaniambia wazi: njia ikienda Ichucancha, yeye anarudi mgodini, na watoto watamwona Krismasi.

Siku ya mkutano wa kuamua kijiji hicho nilifika mapema, nikakaa kiti cha mbele.

Aliyetumwa na ofisi aliitwa Zevallos. Alivaa kofia na kubeba makaratasi, kwa hiyo kila mtu alimwita Mhandisi. Mwenyekiti wa Ichucancha, Don Abilio, alikuja na watu kumi na tarumbeta moja.

"Tumepata ukurasa wenyewe," alisema Zevallos. "Jina la kijiji hakuandika. Nasoma: 'Mwezi Agosti nilifika kijijini nikiharisha siku ya tatu. Mwanamke mmoja mnene aliniletea uji unaonuka kama mzoga. Katika Peru yote sijawahi kupewa kitu kiovu namna ile.'"

Zevallos akakohoa.

Don Abilio alikuwa wa kwanza kusimama. "Mhandisi, hapo umetuokoa! Sisi mgeni tunampa simbilisi wa kuchoma. Vitu vinavyonuka waulize hawa."

"Nani ananuka?" Bibi Saturnina aliruka. "Nyinyi mnaofuga nguruwe chini ya kitanda!"

"Bibi, si wewe uliyesema alilala kwenu?"

"Alilala kwetu nani? Simjui! Mnene ni mama yako!"

Mwenyekiti wetu, Teófilo, naye akainuka jasho likimtoka. "Mhandisi, Yanapuquio hatujui uji huo kabisa."

Hapo karibu nicheke kwa sauti. Nyuma ya nyumba ya Teófilo kuna shimo la tokosh kubwa kuliko langu. Viazi unavilaza ndani ya majani, unavifunika kwa mawe, maji ya chemchemi yanapita juu yake miezi sita mpaka viwe laini na vinuke hadi barabarani. Uji wake ndio dawa yetu ya tumbo. Wanangu wote wanne nimewabana pua nikawanywesha. Lakini akija mtu wa pwani, tunafunga mlango wa jiko na kujifanya tunakula mkate tu.

Nilimvuta Teófilo koti. "Kaa chini."

"Nélida, acha, nalinda heshima ya..."

"Kaa chini, kaka. Na ufunge mdomo."

Akakaa. Nikamgeukia Don Abilio kwa upole ambao Fortunato anaujua na kuuogopa. "Don Abilio, neno lako ni zito. Usiache lipotee. Katibu aliandike kwenye daftari."

Kwetu jambo lisiloandikwa kwenye daftari la kumbukumbu halijatokea. Watu wameoana, wameachana na kugawana malisho kwa daftari hilo. Don Abilio akatuna kifua.

"Aandike! Ichucancha haijawahi kupika, kunusa wala kumpa mtu yeyote uji huo. Tangu enzi za mababu!"

Katibu akaandika. Don Abilio akatia sahihi na kugonga mhuri, na watu wake kumi wakapiga dole gumba.

"Mhandisi," nikasema, "mtu aliyeandika vitabu vitano hakufia kwenye uji. Soma mbele."

Zevallos akageuza karatasi. "'Nilikataa. Mwanamke yule alinibana pua akaninywesha bakuli zima. Nililala saa kumi na nne, nikaamka mzima kama kijana. Wale watu wana dawa ambayo madaktari wetu hawaijui.'"

Sikungoja. Nilikimbia nyumbani, nikarudi na sufuria. Harufu iliingia ukumbini kabla yangu.

"Huu hapa," nikasema. "Unahitaji chemchemi isiyokauka, na Agosti Ichucancha hawana hata maji ya kunawa. Tokosh yao wanainunua kwetu. Onja."

Zevallos alionja, macho yakamtoka. Akaonja tena. "Mama, hiki ndicho wageni wanachokitafuta! Wanachoka na simbilisi kila kituo."

Don Abilio alikuwa ameshasimama. "Kwa kweli, Mhandisi, nikikumbuka vizuri, hata bibi yangu mimi..."

"Katibu," nikasema, "tusomee."

Katibu akasoma. Alipofika "kunusa", ukumbi mzima ulikuwa unalia kwa kicheko, hadi mpiga tarumbeta wao. Don Abilio alitafuta kofia yake muda mrefu ingawa alikuwa ameivaa.

Njia ikaandikwa Yanapuquio, mihuri mitatu. Bibi Saturnina alimfuata Zevallos hadi garini.

"Kijana, kwenye kibao cha njia futa hilo neno 'mnene'."

"Bibi, ni maneno ya kitabu."

"Basi andika pembeni kwamba alikuwa na homa, haoni vizuri."

Jioni Fortunato alimpigia simu msimamizi wa mgodi kumwambia asimngoje. Alitaka kukaa kidogo, apumzike, afurahie. Nilimpa sururu. Wageni wanaanza Juni, na choo tulichonacho ni kimoja.