Harufu ya Viatu Vipya

Mie sipendi kelele, na kila aliyepata kukaa na mie nyumba moja anajua. Ndiyo maana Sichana aliponunuliwa viatu vya Idi vyenye vyuma chini ya visigino, wa kwanza kununa nilikuwa mie. Ka, ka, ka, kutoka juu mpaka chini, kutoka chini mpaka juu. Nikamwambia mama yake, wifi yangu Mwanakheir, kwamba mtoto huyu akipanda ngazi tena na vitu hivyo basi mie nahamia Jambiani kwa dada yangu. Akacheka. Akasema mtoto wa kike ni wa kusikika, hata nyumba inachangamka.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne. Ndugu yangu Jecha, baba yake Sichana, alikuwa Pemba kwenye karafuu, na pale nyumbani Kiponda tulibaki wanawake watupu. Mwanakheir alikuwa mja mzito, miguu imemvimba, tangu Idi hatoki. Mie shangazi mtu nina magoti yangu haya ambayo tangu zamani hayanitaki. Na Sichana mwenyewe, miaka kumi, mwembamba, maswali hayamwishi.

Viatu alinunuliwa Darajani, dukani kwa Bwana Usi. Duka lile lilikuwa na mashubaka pande mbili. Upande wa kulia vya watoto wa kiume, raba nyeusi na za rangi ya kahawa, soli nene ya mpira, mtoto akivaa anaruka mitaro na humsikii. Upande wa kushoto vya kike, vyekundu na vyeupe, hiki kina ua, kile kina kipepeo, na soli ya ngozi nyembamba ambayo kwenye mawe ya mji huu inateleza utadhani imepakwa samli. Na hivyo vya kike Bwana Usi alikuwa akivipigilia vyuma mwenyewe, kwa mkono wake, bure. Akina mama wakimshukuru.

Sichana, Mwanakheir alinihadithia baadaye, alikwenda moja kwa moja upande wa kulia akashika raba. Bwana Usi akazitoa mkononi mwake taratibu, akamwambia hizo za wenye kuota ndevu. Mwanamke haendi kinyemela kama paka jikoni, akasema, mwanamke husikika akija, wanaume wakapata kumpisha njia. Duka zima likacheka. Mtoto akatoka na vyekundu vyenye ua.

Sasa, chuo alichokuwa akisoma Kurani kilikuwa Sokomuhogo, na wakitoka jua limeshazama. Kutoka pale mpaka kwetu kuna uchochoro mrefu, kuta ndefu huku na huku, taa moja mwanzo na nyingine mwisho, katikati kiza. Watoto wamepita hapo tangu enzi, na mie nilipita hapo nikiwa mdogo. Sikuwahi kuuogopa.

Magharibi moja Sichana akaingia mbio, viatu kavishika mkononi, anahema hawezi kusema. Chuma cha kisigino kimoja kimelegea. Tukamkalisha, tukampa maji. Alipopata pumzi akasema kuna mtu anamfuata.

"Nikenda anakwenda, nikisimama anasimama," akasema. "Mie nasikika, yeye hasikiki."

Nikamuuliza, kama hasikiki, weye umemjuaje? Akasema anasikia harufu. Harufu gani? Harufu ya viatu vipya. Mwanakheir akashusha pumzi, akanitazama akatabasamu. Viatu vipya unavyo weye mkononi, mwanangu, akamwambia, ulitaka unuke nini, biriani?

Basi likaisha hivyo. Ati limeisha! Mtoto akaanza kulala na taa. Chakula anakichezea. Ikifika alasiri, kabla ya kwenda chuoni, tumbo linamuuma, na si uongo, nilimshika nikaona linavyojikaza. Mwanakheir akaita mtu akamwandikia kombe, mtoto akanywa maandishi ya zafarani siku saba, na siku ya nane tumbo likamuuma vilevile. Nikamwambia wifi yangu tumtoe chuoni mpaka babake arudi. Hakutaka. Tukimtoa watu watauliza kwa nini, na tukiwaambia anafuatwa na mwanamme, wataanza kumtazama yeye, si huyo mwanamme. Jina la mtoto wa kike likishachafuka hakuna sabuni yake. Nilimkasirikia sana, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba hilo alilosema lilikuwa kweli.

Nikawa nakwenda kumchukua chuoni mwenyewe. Siku nilizokwenda hatukuona mtu. Kisha magoti yakagoma, nikalala siku tatu na mafuta ya nyonyo, na siku ya pili katika hizo tatu Sichana alirudi peku, unyayo umechanika kwa kigae cha chupa, damu mpaka ngazini. Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha, mtoto aliyechanika vile asilie.

Alinieleza mie tu, kwa sauti ya chini. Alipoingia uchochoroni alivua viatu, akajibanza kwenye mlango wa nyumba tupu, akaziba mdomo kwa mkono. Mtu akaja. Akapita karibu hata kanzu ikamgusa magotini. Akasimama. Akasikiliza. Kisha akaita polepole, kama unavyomwita kuku usiyetaka akimbie: "Umepotelea wapi, mwanangu?" Halafu akageuka akarudi alikotoka, na Sichana hakusikia hata unyayo mmoja.

Tangu hapo sikumtilia shaka tena, na mie pia nikaanza kuogopa. Nilikuwa nikikaa dirishani magharibi natazama kila anayepita. Huyu muuza kahawa, huyu jirani, huyu kijana wa chuo cha ualimu, wote nawajua toka utotoni, na wote nikawaona wabaya. Mtu akinisalimia, Shikamoo Bi Wanu, naitikia marahaba huku namtazama miguu.

Mwanakheir akanituma nikatengeneze kile chuma kilicholegea. Nikenda Darajani nikamkabidhi Bwana Usi kiatu. Akakigonga nyundo, akakipiga mezani mara mbili huku kainamisha kichwa, anasikiliza, kama mtu anayechagua nazi. Akaniambia kwa kujisifu kwamba kila mtoto aliyemvisha yeye, akimsikia tu anapita, anajua wa nyumba gani, maana vyuma vyake havilii sawasawa. Cha Sichana kina mlio mwembamba. Nikayachukulia ni maneno ya biashara. Kisha akaanza kufunga milango mapema, akaniomba radhi, akasema magharibi haimkuti mjini hata siku moja, anaisali msikitini kwao Kikwajuni, ng'ambo kule. Nikamwombea dua kwa ucha Mungu wake. Nilimwombea dua, miye.

Nilitoka pale nikitazama zile raba kwenye shubaka la kulia. Kwa Bwana Usi sikuthubutu kuuliza, nilijua nitachekwa. Nikazunguka mpaka duka jingine, nikampa mwenye duka ukuti niliopimia kile kiatu cha Sichana, nikasema nataka raba za mtoto wa dada yangu wa Jambiani. Akaniuliza wa kiume? Nikasema wa kiume, jina lake Hamad, mtundu huyo, anapanda minazi. Nimezeeka nasema uongo kwa ajili ya viatu.

Tukawa na siri, mie na Sichana. Anatoka nyumbani ka, ka, ka, mama yake anamsikia anafurahi. Akifika chini, kwenye daka la mlangoni, anavua vyekundu anavificha nyuma ya pipa, anavaa raba, kanga inafunika. Akirudi anabadilisha tena. Siku ya kwanza nilimngoja mlangoni, na alipotokea sikumsikia kabisa, nilishtukia tu kanivuta nguo. Anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Idi. Akasema alipita uchochoro mzima na kulikuwa na mtu kasimama kwenye kiza, yeye akapita upande wa pili na yule hakugeuka.

Basi akala. Akalala bila taa. Wiki ikapita, ya pili ikaanza, tumbo kimya. Mwanakheir akasifu kombe lake, nami nikamwacha alisifu.

Jioni moja, baada ya magharibi, tukasikia hodi. Bwana Usi. Kaja kutujulia hali, kwa kuwa mwenye nyumba hayupo, na kipande cha halua mkononi. Mtu wa heshima, umwambie nini? Nikamkaribisha kwenye daka. Mwanakheir akabaki ndani nyuma ya pazia, kama ilivyo desturi, akimwitikia salamu kutoka huko. Bwana Usi akavua viatu kizingitini akakaa kibarazani. Nikamtilia kahawa. Akauliza habari za Pemba, akauliza karafuu, akauliza uja uzito wa wifi yangu unakwendaje. Akanywa. Kisha akauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo njiani.

"Siku hizi simsikii Sichana akipita uchochoroni magharibi. Haumwi?"

Nilikuwa nimeshika buli. Nikaendelea kulishika. Nikajiambia polepole, kama mtu anayejisomea: duka lake Darajani, kwao Kikwajuni, na kutoka Darajani kwenda Kikwajuni unaupa uchochoro wetu mgongo. Na magharibi haimkuti mjini. Nikaliweka buli chini. Nikatazama kizingitini. Viatu vyake vilikuwa raba, mpya, nyeusi, na kwa kuwa daka halina upepo harufu ya gundi ilikuwa imeshanifikia puani muda mrefu nisijue naisikia.

"Haumwi," nikamwambia. "Anapita kila siku. Ni weye tu humsikii."

Akanitazama. Hakukasirika, na laiti angekasirika ningepumua. Akaweka kikombe, akasema alhamdulillahi, akatabasamu, akavaa viatu vyake akatoka. Nikafunga mlango, nikatia komeo, nikauegemea.

Mwanakheir kashatoka nyuma ya pazia, mkono tumboni, uso mweupe. Amesikia yote. Hakuniuliza nilikuwa na maana gani. Aliuliza jambo moja tu, tena kwa kunong'ona.

"Ameshakwenda?"

Nikaweka sikio kwenye mbao. Kimya. Angekuwa mmoja wa watoto wetu wa kike ningekuambia yuko hatua ya ngapi, kapita kwa nani, kapinda wapi. Lakini yule kavaa za upande wa kulia. Angeweza kuwa keshafika Darajani. Angeweza kuwa kasimama hapo, ubao mmoja tu kati ya sikio langu na lake, anasikiliza kama tunavyosikiliza. Sikujua. Tukakaa palepale nyuma ya mlango, na mie nilikuwa naogopa hata kumeza mate.

Kitu kikanigusa ubavuni, kidogo nipige ukelele. Kumbe Sichana, kashuka ngazi na raba zake, jioni ile alikuwa hajazibadilisha, wala hatukumsikia. Akapita kati yetu. Akainama kwenye ule ufa ulio chini ya komeo, akavuta pumzi puani, akarudi nyuma akamshika mama yake kanga.

"Bado yupo," akasema. "Nnasikia harufu."

Safari hii Mwanakheir hakumwambia ni viatu vyake mwenyewe vinavyonuka. Alimtazama mtoto, akatazama zile raba miguuni mwake, nami nilimwona anavyoelewa, siku baada ya siku, yote aliyoambiwa. Akenda nyuma ya pipa kama aliyekuwa akijua siku zote, akatoa vile vyekundu vyenye ua. Akashika kimoja mkono huu na kimoja mkono huu, chuma nje. Akaanza kuupiga mlango.

Ka. Ka. Ka. Ule mlango ni wa msaji, una miaka mingi kuliko babu yangu, na uchochoro wetu ni kama kisima, kikilia kitu chini kinapanda mpaka juu. Jina la mtoto, watu watasema nini, yote aliyasahau. Alipiga na tumbo lake lile, jasho linamtoka, machozi yanamtoka. Mie ninayechukia kelele nilimshika kiuno asianguke, nikimwombea asichoke. Madirisha yakaanza kufunguka, moja, jingine, ng'ambo na juu yetu, na mwanga wa taa ukaingia kupitia ufa wa mlango.

Bi Mwatum wa nyumba ya mbele, ambaye hapiti mtu pale asimjue, alikuwa kashatoa kichwa na taa yake. Tukamsikia akiuliza, wala si kwa ukali, kwa mshangao tu wa jirani:

"Bwana Usi, unangoja nini hapo mlangoni kwa watu?"

Mwanakheir akaendelea kupiga.