Viazi vya Mtani

Zelipa Jere, mhandisi wa kiwanda, alikuwa ametafuta joto lililopotea kwa wiki tatu, na sasa zilibaki siku mbili tu. Wakubwa walishasema: tanuru la pili la kuyeyushia shaba lisipopunguza makaa na moshi kufikia Ijumaa, litafungwa, na watu wake arobaini waende nyumbani.

Alikuwa amepima kila kitu. Joto lilitoka tanuruni kali, likapita katika bomba refu lililovikwa blanketi nene, likafika mwisho, lilipotakiwa kupasha hewa inayorudi tanuruni, limepoa kama uji wa jana. Njiani palikuwa na vibao kumi na saba vya HATARI, USIFUNGUE, na Zelipa, binti aliyelelewa vizuri, hakufungua.

"Mngoni kachoka," alisema Mzee Kangwa, mkuu wa zamu, Mbemba wa Kasama. "Mpeni panya, kitoweo cha kwao, apate nguvu."

"Ningekuletea nyani, mtani, ila najua kwenu mmeshawamaliza kwa kuwala!" Zelipa akajibu.

Watu wakacheka. Wabemba na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu, na mtani ana haki ya kukunyakulia chakula usinune. Kwa hiyo mchana, Kangwa alipofungua kitambaa chake, Zelipa alichopoa kiazi kitamu cha juu, akakitia mdomoni.

Akaruka. "Mama yangu! Kinaunguza!"

Moto wa kupikia ulipigwa marufuku kiwandani, na mama ntilie wa karibu alikuwa mwendo wa nusu saa nje ya geti.

"Mtani," Zelipa alisema, akipepea ulimi, "kiazi hiki kimeivia wapi?"

"Jua la leo kali sana."

Nje mvua ilikuwa ikimwagika.

"Baba Kangwa. Ijumaa wanafunga."

Mzee akavua kofia yake ngumu. "Hicho ulichokula hata si changu. Ni cha Mutale, mzee mwenzangu wa zamu. Meno yamemwisha, chakula kigumu kinamshinda. Mwaka wa tisa huu namlainishia."

Akampeleka kwenye kibao cha kwanza, akakivuta. Nyuma yake blanketi lilikatwa dirisha, na viazi vitatu vilikuwa vimejilalia juu ya bomba kama watoto wachanga.

"Na vibao kumi na sita vingine?"

"Kila kundi na jiko lake, mama. Kile cha mwisho ni cha mahindi tu."

Walishona blanketi siku mbili, Kangwa mwenyewe akishika sindano na kulia kwa sauti kama yuko matangani. Ijumaa makaa yakapungua, moshi ukawa mwembamba, tanuru likapona. Lakini Mutale alikaa na kiazi chake baridi, akikigeuzageuza bila kulalamika, na Zelipa akashindwa kumtazama.

Wiki iliyofuata alifunga sanduku la chuma ubavuni mwa dohani, pale joto lilipokuwa limeshamaliza kazi zote na linakwenda zake. Kwenye ripoti aliliita "kituo cha kukagua joto la mwisho". Wakubwa wakatia saini.

Mlangoni palikuwa na kibao: HATARI, USIFUNGUE. Kangwa akafungua haraka. Panya watano waliokaushwa walikuwa wamepangwa mstari, wakimtazama.

"Mngoni huyu ataniua!"

"Sogeza mkono nyuma yao, mtani," alisema Zelipa.

Akasogeza, akatoa kiazi kimoja, laini tepetepe. Akakipuliza kwanza, kisha akampelekea Mutale.