Runinga Mbili za Jelle

Fartun alikwenda Modogashe kumjulia hali mama mkwe wake aliyekuwa mgonjwa, akarudi Garissa na jambo moja limemkaa kifuani: runinga ya Maka.

Mume wao, Jelle, mfanyabiashara wa ngamia, alinunua runinga mbili siku moja, katika duka moja. Ya kwanza alimpa Fartun, mke mkubwa, nyumbani Bula Iftin. Ya pili akaipeleka Modogashe kwa Maka, mke mdogo. "Ni pacha hizi," alisema. "Asije mtu akadai nimependelea."

Fartun alimwamini mpaka alipoketi sebuleni kwa Maka wakati wa taarifa ya habari. Msomaji habari alikuwa yule yule aliyemwona kila jioni. Lakini huku alionekana hadi mikunjo ya mtandio na jasho jembamba juu ya mdomo. Kule Garissa, uso wa mwanamke huyo ulikuwa kama umepakwa uji.

"Inaonyesha vizuri, eeh?" Maka aliuliza alipomwona ameganda.

"Vizuri sana," Fartun akajibu, na chai ikamshinda.

Kabla ya kuondoka aliipiga picha kwa siri karatasi ya kiwandani iliyobandikwa nyuma ya runinga ile. Alipofika kwake akalinganisha na yake. Maandishi yalikuwa yale yale. Hilo halikumtuliza hata kidogo. Karatasi hubandikwa na yeyote. Jelle akileta nyama, Fartun alijiuliza ni kipande gani kimebaki Modogashe.

"Mungu amekuamuru utufanyie sawa," alimwambia mwishowe. "Yangu inaonyesha ukungu. Ya Maka inaonyesha watu."

"Wallahi ni aina moja!"

"Basi ziwekwe pamoja nizione."

Jelle alicheka, ila Fartun hakumwacha. Jelle alipomleta mama yake hospitali ya Garissa, ilibidi runinga nayo ije. Maka alisafiri nayo miguuni, imefungwa blanketi, na hakuruhusu hata dereva aiguse.

"Nimeileta mwenyewe," alisema mlangoni, akimtazama Fartun kwa jicho la pembeni. "Isije ikabadilishwa njiani."

Mama alipokwisha kulazwa, wakaziweka runinga ubavu kwa ubavu. Ya Maka ikaunganishwa kwenye king'amuzi cha pale kwa waya wake mweusi aliokuja nao, na picha ikatoka safi. Ikaja zamu ya Fartun, kwa waya zake za vichwa vya njano, nyeupe na nyekundu. Ukungu.

"Umeona?" Fartun akamgeukia Jelle. Jelle alikuwa akifuta shingo kwa kitambaa.

Maka aliuchomoa waya wake mweusi, akauchomeka kwenye runinga ya Fartun. Papo hapo ukungu ukatoweka, akatokea simba, na nyasi nyuma yake zikaonekana moja moja.

"Kumbe ni waya!" Jelle akashusha pumzi. "Si niliapa? Ving'amuzi vyote viwili vilikuja na waya mmoja tu wa namna hiyo. Nilidhani waya ni waya."

"Hukudhani," Maka akasema polepole. "Ulipokuwa ukiufunga kwangu uliniambia, 'Huu ndio mzuri, Fartun asijue.'"

Jelle aliokota funguo, akasema anakwenda kumwona mama.

Fartun alikuwa ameandaa maneno makali ya kumwambia mwanamke huyu kwa muda mrefu. Badala yake akauliza, "Mbona umesema?"

"Kama alinipa siri juu yako, juu yangu alikupa gani?"

Fartun alifikiri. Akaenda kuteleka chai.

Jelle alirudi na waya mpya mkononi. Fartun aliupokea bila kumshukuru. Mama mkwe alipopata nafuu, Maka alirudi naye Modogashe pamoja na runinga yake.

Juma lililofuata simu ya Fartun iliita.

"Abaayo, dada yangu," ilikuwa sauti ya Maka, ya chini, kama ya mtu aliyefunga mlango kwanza. "Friji yako ina milango mingapi?"