Kilatini kwa Mlango wa Kanisa

Harusi ya Wakonyo pale Ruring'u, mwaka wa sabini na mbili, ilitaka kuharibika kwa sababu ya Kilatini.

Baba yake, Theuri, alikufa wakati wa Emajensi, vita vya Mau Mau, Wakonyo akiwa bado ananyonya. Ngatia, mdogo wa Theuri, ndiye alimlea, akamsomesha na pesa ya kahawa. Alitaka kitu kimoja tu: kumshika mkono na kumwingiza kanisani.

Lakini mwenyekiti wa kamati ya harusi alikuwa Peterson, mwalimu aliyetoka seminari na Kilatini na kikohozi. Aliambia kamati kwamba Wagikuyu wanachanganya watu kwa kuita kila ndugu ya baba ati baba. Kilatini haina mchezo huo. Baba ni pater. Ndugu ya baba ni patruus. Ndugu ya mama ni avunculus, maana yake babu mdogo, kwa hivyo huyo ndiye mkubwa, na ndiye atamwingiza bibi harusi. Kingori, mjomba kutoka Kiriaini, ambaye hata ndevu hakuwa nazo, alifurahi kuwa babu, akaenda kushonewa suti.

"Bwana Ngatia, wewe ni patruus," Peterson alimwambia, pole pole kama daktari.

"Na hiyo inauma wapi?"

Watu wakacheka. Ngatia hakucheka. Alisema basi yeye atachoma nyama.

Siku ikafika. Gari lilisimama mlangoni, Kingori akanyoosha mkono. Wakonyo hakushuka. Alishika maua yake akasema anangoja baba. Padre akachungulia, kwaya ikarudia wimbo. Mwishowe wakaenda kumwita Ngatia nyuma ya kanisa, kwa moto. Alikuja na mafuta ya mbuzi mpaka kwa viwiko.

Peterson akamzuia. "Mzee, unaingia kama nani?"

Sasa, Wakonyo ni kifunguamimba, na kwa desturi alipewa jina la mama ya Theuri, ambaye pia ni mama ya Ngatia. Tangu Wakonyo akiwa mtoto, Ngatia humwita maitu, mama yangu.

"Huyu ni mama yangu," Ngatia akasema. "Mimi naingia kama mtoto wake. Ama Kilatini inakataza mtu kusindikiza mama yake?"

Peterson alifungua mdomo, kikohozi kikamshika. Kingori akatoa kitambaa, akampangusa Ngatia mikono, akasimama kando.

Wakonyo akashuka.

"Pole pole, baba," alimwambia wakiingia. "Niko na viatu mpya."