Wakwe Mstari wa Mbele

Perpetua alikuwa na miezi miwili tu Bariadi, amehamishwa kutoka Bukoba kuja kuwa afisa michezo, alipokabidhiwa mechi ambayo kila mtu ofisini aliikwepa. Radi FC ya Somanda ilikuwa inacheza na Nyuki FC ya Lagangabilili. Mara ya mwisho walipokutana, mashabiki walirushiana mawe hadi magoli yaling'olewa, na refa akaokolewa ndani ya ghala la pamba, amelala katikati ya magunia.

Alikwenda kwa Afande Laurean kuomba askari wa kutosha.

"Nina sita," alisema Afande. "Na mmoja ana malaria."

Perpetua akarudi ofisini ameinamisha kichwa. Lucy, mhudumu wa ofisi, mzaliwa wa Somanda, akamwekea chai mezani na kumuuliza kulikoni.

"Lucy, hivi hizo fujo huwa anazianzisha nani?"

"Hilo nalo la kuuliza? Kwetu ni Sayi, yule wa bodaboda. Akivua shati tu, ujue mawe yanafuata. Na kwa wale wa Lagangabilili ni Ngeleja, fundi seremala. Hao wawili wakinyamaza, wengine wote ni kondoo."

"Hakuna mtu wanayemwogopa?"

Lucy akacheka. "Sayi? Polisi hawaogopi, mwenyekiti wa mtaa hamwogopi. Labda mkwe wake. Juzi nilimwona sokoni, kamwona mama mkwe anakuja kwa mbali, akaacha pikipiki barabarani inanguruma, akajificha kwenye duka la dawa za mifugo mpaka mama alipopita. Sisi Wasukuma, bosi, mkwe hatutaniani naye."

"Na huyo mkwe anaishi wapi?"

"Lagangabilili. Sayi kaoa huko huko kwa wapinzani. Ngeleja naye kaoa Somanda, nyuma ya kwetu."

Perpetua akaweka kikombe chini. "Lucy, chukua kalamu."

Siku nne walizunguka wakiuliza kimyakimya nani kaoa wapi. Timu zilichukiana, lakini vijana wa pande zote mbili walikuwa wakioleana miaka yote. Wakapata majina ya kina mama ishirini na wawili. Kila mmoja akaandikiwa barua yenye mhuri, kwamba anaalikwa kuwa mgeni wa heshima kwenye mchezo wa kudumisha ujirani mwema, usafiri upo, soda ipo. Hakuna aliyekataa. Wengi walikuwa hawajawahi kupata barua yenye mhuri iliyoleta habari njema.

Jumamosi saa tisa, Sayi aliingia uwanjani akiongoza kundi la Somanda. Kifua wazi, kimepakwa rangi ya bluu, vuvuzela mkononi, na wimbo mdomoni kuhusu mama wa golikipa wa Nyuki, wimbo ambao hauandikiki. Akapinda kona kuelekea upande wao wa siku zote. Wimbo ukakatika katikati ya neno baya kuliko yote.

Mstari wa mbele kulikuwa na viti kumi na kimoja vya plastiki. Katika kiti cha kati, amevaa kitenge kipya na kilemba, alikaa Mama Milembe, mama mkwe wake.

Sayi alitafuta pa kukimbilia. Nyuma watu walikuwa wanamsukuma. Akanyakua bendera ya timu kutoka kwa mwenzake, akajifunga kama mgolole, akachuchumaa kwa mbali, macho chini, akamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba," Milembe alijibu kwa upole. "Mbona umekuwa bluu? Unaumwa?"

"Hapana, mayu. Ni... ni baridi."

Jua lilikuwa linachoma kama pasi.

Upande wa pili Ngeleja alikuwa keshakaa, mikono magotini, kama mtu anayesubiri komunyo. Mbele yake alikuwepo Mama Anna, mama wa mkewe, anakunywa soda kwa mrija.

Kipindi cha kwanza kilichezwa katika ukimya ambao wachezaji wenyewe uliwatisha. Nyuki walipofunga, mashabiki wao walipiga makofi kama bungeni. Radi walipopata penalti na kusawazisha, mtu mmoja tu alipiga kelele, kisha akaomba radhi. Mara moja Sayi, kwa mazoea, aliokota jiwe. Milembe akageuka.

"Hilo la nini, mkwe?"

"Nalitoa njiani, mayu. Lisije likamkwaza mtu."

Perpetua alikuwa anatabasamu waziwazi. Afande Laurean alimpa mkono. Ilikuwa mapema mno.

Dakika ya sabini, Nyuki walifunga bao la pili. Mshika kibendera akainua kibendera, na refa Erasmus akalikataa. Milembe, ambaye kwa saa nzima alikuwa ameanza kuuelewa mchezo na kuupenda, akakunja uso.

"Kwa nini amekataa? Mpira umeingia. Nimeuona kwa macho yangu."

Sayi alijilazimisha kusema, akiangalia ardhi. "Mchezaji ameotea, mayu."

"Ameota?"

"Ameotea."

"Ameota mchana huu, na anakimbia hivyo? Mnanifanya mtoto!"

Akasimama, akakaza kitenge, akachukua mwavuli wake na kuingia uwanjani. Wenzake kumi, wote wa Lagangabilili, wakainuka wakamfuata. Kuona hivyo, Mama Anna wa upande wa pili akaweka soda chini. Refa alikuwa mtoto wa kanisani kwao, naye hakuwa tayari kumwona anaonewa. Akaja na kina mama wake. Katikati ya uwanja Erasmus akajikuta amezungukwa na kilemba kila upande, mwavuli mmoja ukimgonga begani kila Milembe alipotaja neno "goli."

Askari watano walisimama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumshika bibi wa mtu.

Perpetua alimkimbilia Sayi. "Kamtoe mkweo!"

"Mimi? Dada, nimguse mkwe? Bora unifunge."

Ngeleja naye alikuwa amefika mstari wa kati, anahema. Wawili hao walikuwa hawajasemeshana miaka mitatu. Wakatazamana.

"Wangu siwezi," alisema Ngeleja.

"Wala mimi," alisema Sayi. Akafikiri kidogo. "Lakini wako, kwangu ni mama jirani."

"Na wako ni shangazi yake rafiki yangu."

Basi wakabadilishana. Ngeleja alimshika Milembe mkono, akimwambia taratibu, "Shangazi, twende, nitakueleza kuotea ni nini." Sayi, bendera ikiburuta, alimwongoza Mama Anna na kumbebea mkoba. Vijana wengine wakaona njia. Kila mmoja akamchukua mama asiye mkwe wake. Mechi ikaendelea na kuisha sare, bao moja kwa moja, na watu wa Somanda na wa Lagangabilili walitoka wamechanganyika, kila mtu akimtafuta mkwe wake kwa mbali ili amkwepe.

Katika ripoti Perpetua aliandika: hakuna jiwe lililorushwa, walioingia uwanjani ni wanawake ishirini na wawili, mdogo wao ana miaka hamsini na tano.

Jumatatu asubuhi Sayi aliingia ofisini, amevaa shati lililopigwa pasi na kufungwa vifungo vyote.

"Dada, mechi ya marudiano tutatulia. Tutasaini popote. Ila nakuomba, mama asialikwe."

"Umechelewa," Perpetua alisema. "Ametoka hapa sasa hivi. Kaja kwa nauli yake. Anataka kiti karibu na mshika kibendera."